Nani aitwe mwasisi Mwigobero?

Ukitaka kulisikia neno mwasisi likitamkwa kwa uzito wake wote, nenda Butiama. Pale Mwitongo, kwenye makazi ya ukoo na kaburi la Julius Kambarage Nyerere, neno hilo limejaa kila mahali: katika hotuba za viongozi wanaokuja kuzuru, katika maelezo wanayopewa wanafunzi, katika makumbusho yaliyofunguliwa 1999, mwaka uleule aliofariki. Kisha panda gari urudi Musoma mjini, ushuke hadi Mwigobero, mji unapokutana na ziwa. Hapo neno hulisikii tena. Mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, yupo mvuvi, yupo mchuuzi, yupo fundi wa mitumbwi, mama lishe, mwanika dagaa, nahodha wa boti ya kwenda Kinesi. Siku hizi yupo pia mjasiriamali, jina lililowafunika karibu wote hao. Mwasisi hayupo.

Nasema hayupo kwa jina. Kwa kazi wapo tele, na hao ndio ninaotaka kuwasemea.

Kiswahili hakijapungukiwa maneno ya kumwita mtu aletaye jambo jipya. Tuna mwanzilishi na mwasisi, mbunifu na mvumbuzi, mgunduzi, mtunzi, msanifu, mtangulizi. Juu ya wote tuna Muumba, ambaye tumemwachia Mwenyezi Mungu, ingawa katika lugha nyingi za Kibantu kuumba au kubumba ni kazi ya mfinyanzi na udongo wake. Tatizo liko kwenye mgawanyo. Maneno haya yamepewa vyeo, na vyeo hivyo vimegawiwa watu kwa kufuata mahali walipokaa na nguo walizovaa, zaidi ya jambo walilolianza.

Tuchukue mwasisi na mwanzilishi. La kwanza tumelipata kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya msingi wa jengo, mzizi huohuo uliotupa asasi na taasisi. La pili ni la nyumbani, limezaliwa na kitenzi kuanza. Ukiwauliza watu wengi watakwambia maana ni moja. Sikio lao linajua vingine. Mtu huitwa mwanzilishi wa ugomvi, mwanzilishi wa fujo, mwanzilishi wa uvumi. Hakuna anayesema mwasisi wa fujo. Mwanzilishi ni yeyote aliyetangulia kutenda, jambo likawa la heri au la shari. Mwasisi ni jina linalotolewa baadaye, watu wakishaona jengo limesimama, na mara nyingi mwenyewe akiwa keshazikwa. Kwa hiyo anayelitoa ndiye anayeamua nani akumbukwe.

Uamuzi huo haujawahi kuwa mwepesi, hata kwa TANU, chama kilichopigania uhuru. Chama kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na orodha inayofundishwa ina majina 17. Alikuwemo Saadani Abdu Kandoro, mshairi aliyekuwa katika siasa za Jimbo la Ziwa, ambalo Musoma ilikuwa ndani yake. Lakini TANU haikuota jangwani. Ilitokana na TAA (Tanganyika African Association), na TAA ilitokana na African Association iliyoanza Dar es Salaam 1929, na Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa watu wake wa mwanzo. Mwanahistoria Mohamed Said ametumia miaka mingi kudai kwamba watu wa kundi hilo, pamoja na mwana wa Kleist, Abdulwahid, walitajwa kwa uchache kuliko walivyostahili. Katika majina yale 17 hakuna mwanamke hata mmoja. Bibi Titi Mohamed, aliyeviingia vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam na kuvitoa vikiwa na kadi za chama, kwa muda mrefu aliitwa kiongozi wa akina mama, mhamasishaji, mpigania uhuru. Yote kweli. Ila chama kinachoitwa cha umma kinaasisiwa na nani, kama si na yule aliyeuleta umma?

Hata huku kwetu Kanda ya Ziwa kuna mfano unaonigusa zaidi. Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma 1925, anatajwa kama mwasisi wa ushirika wa pamba, na kwa haki. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria (VFCU), lililoanza 1955, lilikuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika Afrika. Lakini kabla ya vyama hivyo kuandikishwa, wakulima wa Jimbo la Ziwa waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi waliweka wapimaji wao wenyewe. Mkulima alipima pamba yake kwa mwenzake kwanza, akazijua ratili zake, ndipo akaenda kuuza. Hilo ndilo wazo lililobeba mengine yote: mkulima kuwa na mizani yake. Aliyeiweka mizani ya kwanza, kijiji gani, msimu gani, jina lake halimo kwenye vitabu vya shule.

Nyerere mwenyewe aliingia darasani kwa mara ya kwanza Musoma, Shule ya Mwisenge, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Taifa lilimpa majina makubwa mengi, lakini lile lililomkaa mpaka kaburini ni jina la kazi yake: Mwalimu. Naliona hilo kama fundisho la lugha kutoka kwa wananchi wenyewe. Waliona kwamba jina la kazi linaweza kubeba heshima yote, ilimradi wanaolitamka wameamua kulipa heshima hiyo. Mbona basi fundi wa mitumbwi wa Mwigobero hajaitwa Fundi kwa sauti ileile?

Na walimu wengine je? Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikatoa Azimio la Musoma. Azimio hilo liliamua kwamba watoto wote waliofikia umri wa kwenda shule wawe shuleni ifikapo 1977, badala ya kusubiri miaka mingi kama ilivyopangwa awali. Uamuzi ulikuwa wa kishujaa, lakini walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini, huku wakifundisha. Wengi wao walikuwa bado vijana wadogo. Wakasimama mbele ya madarasa yaliyofurika, mengine chini ya miti, chaki zikiwa za kuhesabu.

Tuliwaita walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Jina lilianza kama maelezo likaishia kuwa dharau: ukitaka kusema mtu kasoma juujuu, unasema ni wa UPE. Ubora wa elimu uliteremka, hilo halifichiki, na lawama ina pa kwenda. Lakini kuna shule za msingi vijijini Mara, na nchi nzima, ambazo kijana wa aina hiyo ndiye aliyefungua daftari la kwanza la mahudhurio. Kabla yake palikuwa pori au uwanja wa kuchungia. Walioandika Azimio wanaitwa waasisi wa elimu kwa wote. Aliyelitekeleza akiwa na miaka 17, kwa posho isiyotosha, ana jina la kuchekewa. Mimi nasema neno mwasisi ni lake pia, na kijiji kilichosomeshwa naye kinapaswa kuwa cha kwanza kumpa.

Turudi mwaloni, na tuyatazame mvumbuzi na mgunduzi. Vizazi kadhaa vya wanafunzi vimekaririshwa kwamba Ziwa Victoria liligunduliwa na John Hanning Speke, aliyeliona akiwa Mwanza Agosti 1858. Sasa angalia vitenzi vyenyewe. Kwa matumizi ya zamani, kumgundua mtu ni kumkuta bila yeye kutarajia, kumfuma. Na kuvumbua ni kinyume cha kuvumbika, yaani kufukia kitu majivuni au mchangani, kama ndizi zinavyovumbikwa ziive. Mvumbuzi hufukua kilichofunikwa. Ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambalo watu walilivua, wakalivuka, wakaapa kwalo na kuliita Nyanza, lilikuwa limefunikwa na nani? Speke aliipelekea Ulaya habari ya ziwa. Ni kazi kubwa na inastahili kutajwa, kwa jina lake: mtoa habari, mpelelezi, mchora ramani. Mvumbuzi wa ziwa lile, kama yupo, ni yule aliyekuwa wa kwanza kujua dagaa wanakusanyika penye mwanga.

Maana huo ni uvumbuzi hasa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hulala pwani kwa sababu mwezi unashindana na taa. Kwa miaka mingi taa ilikuwa karabai ya mafuta, ikielea juu ya maji, mvuvi akisubiri samaki wajae chini yake ndipo wavu upite. Ukikaa Mwigobero usiku wa aina hiyo, unaona ziwa limewashwa kama mji wa pili. Sasa karabai zinapungua, zinachukuliwa na taa za betri na za sola. Viwanda viliuza taa, lakini taa ya dukani haijui mawimbi. Kuna watu waliohangaika nayo: waitundikeje isizame, betri waifunikeje isilowe, mwanga uelekezwe wapi, taa ngapi zitoshe. Jambo likifaulu kwa mmoja leo, kesho limeigwa na mtumbwi wa jirani, na baada ya wiki mwalo mzima unalifanya kana kwamba limekuwapo tangu zamani.

Hapo ndipo jina linapopotelea. Nchi yetu ina utaratibu wa kumtambua mbunifu. Ipo sheria ya hataza, ipo BRELA, wakala wa serikali wa kuisajili, ipo Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na tangu 2019 yapo mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU. Naipongeza hatua hiyo kwa moyo wote. Lakini hataza humlinda aliyeficha mpaka akasajili, na mvuvi hafichi. Hawezi kuficha taa ziwani usiku. Ubunifu wa mwaloni ni wa kuonekana na kuigwa, na kwa sababu unaigwa haraka, tunauona kama hauna mwenyewe. Neno mbunifu likabaki kwa mwenye cheti na mwenye kibanda kwenye maonyesho.

Sangara ndiye aliyeleta mambo mengi kwa mpigo. Samaki huyu hakuwa wa ziwa hili. Alipandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala, akiwala samaki wadogo waitwao furu mpaka aina nyingi zao zikatoweka. Waliompandikiza walikuwa waanzilishi, na ni mfano mzuri wa kwa nini lugha ilihitaji neno lisilosifu wala kulaumu. Kisha vikaja viwanda vya minofu, Mwanza, Musoma, Bukoba. Minofu ikaenda Ulaya. Yakabaki mapanki, yaani mifupa yenye nyama kidogo, mkia na kichwa.

Kiwandani mapanki yalikuwa taka. Wanawake wa kando ya ziwa waliyatazama wakaona mboga. Waliyanunua kwa bei ya kutupa, wakayakausha juani, wakayakaanga, wakayabanika, wakatafuta soko kwa watu ambao bei ya sangara mzima ilikuwa imewapita. Ikazaliwa biashara kamili, yenye wauzaji wa jumla, wa rejareja, wasafirishaji, wauza kuni na wauza mafuta ya kukaangia. Wapo walioona katika mapanki alama ya unyonge wetu, kwamba mzungu anakula nyama nasi tunakula mifupa. Hasira hiyo naielewa na ina ukweli wake. Lakini isitufanye tusione akili ya yule mama wa kwanza aliyesimama kwenye geti la kiwanda akauliza bei ya kitu kisicho na bei. Kuona thamani ambapo mwenye mali haoni kitu, kukipa jina, kukipikia namna yake na kukitafutia mlaji: mwalimu gani wa biashara angeomba zaidi ya hayo?

Jina alilopewa ni mchuuzi. Baadaye akapandishwa, akaitwa mjasiriamali.

Neno mjasiriamali lilitungwa kwa ustadi: jasiri na mali, mtu anayethubutu kuitia mali yake hatarini ili apate zaidi. Ndani yake kuna uthubutu, kuna kuanza kitu. Kisha tukalitumia mno. Semina za mikopo zikalibeba, mabango yakalibeba, kila aliyekuwa na genge akawa mjasiriamali. Desemba 2018 serikali ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja, kwa wafanyabiashara ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Vitambulisho viliwaondolea machinga na mama lishe usumbufu wa kufukuzwa, na hilo ni jema. Ila tangu hapo neno limekuwa na kipimo cha mapato. Mtu akisema fulani ni mjasiriamali, msikilizaji anaona meza ndogo na mwavuli. Aliyeanzisha biashara ya mapanki na aliyemfuata mwaka wa kumi wote wana jina moja. Na tajiri mwenye kiwanda haitwi hivyo. Yeye ni mwekezaji.

Linganisheni maneno hayo mawili mpate kuona haki ilivyokaa upande. Mwekezaji anaweza kuwa amenunua kiwanda kilichokuwapo, asianzishe chochote. Mjasiriamali anaweza kuwa ameanza kutoka sifuri. Mmoja anapokewa ofisini kwa chai, mwingine anapangiwa siku ya kuja na mtendaji wa kata.

Liko neno moja ambalo bado halijaharibiwa, nalo mwaloni linaeleweka bila kamusi: mtunzi. Kutunga ni kupitisha vitu kwenye uzi mmoja. Hutungwa shanga, hutungwa samaki, na mtungo wa samaki kila mtu Mwigobero anaujua. Mtunzi wa hadithi hufanya hivyohivyo kwa maneno. Ukivuka kivuko cha Kisorya, kule Bunda, unaingia Ukerewe, nyumbani kwa mtunzi ambaye habari zake zingepaswa kujulikana na kila mtoto wa Mara. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, aliandika riwaya ndefu kwa Kikerewe juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, wanandoa waliotafuta mtoto. Aliimaliza 1945. Hakupata mchapishaji wa lugha yenye wasomaji wachache, akaifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitoka 1980, miaka 35 baada ya kumalizika. Mwaka uliofuata akafariki.

Kitereza alianza jambo ambalo halikuwa na mfano mahali pale: riwaya nzima ya maisha ya watu wa ziwa, kwa lugha yao, kwa undani wa mapishi yao, tiba zao, ndoa zao na ugomvi wao. Mwanakisiwa mwenzake, Euphrase Kezilahabi, naye akaja na Rosa Mistika 1971 na diwani ya Kichomi 1974, akaufungulia ushairi wa Kiswahili mlango wa mashairi huru, akalaumiwa sana na washairi wa mapokeo kabla ya kuitwa mwanzilishi. Kati ya wawili hao Kezilahabi anajulikana zaidi, maana alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Kitereza alikuwa mzee wa kijijini. Mgawanyo ni uleule wa mwaloni.

Sidai kwamba tuanze kumwita kila mtu mwasisi. Neno likigawiwa kila mtu litakufa kama lilivyoanza kufa mjasiriamali. Ninachodai ni uchunguzi kabla ya jina. Tuulize: jambo hili lilikuwapo kabla yake? Aliyemfuata alijifunza kwake? Likiondolewa leo, watu watapungukiwa? Majibu yakiwa hivyo, apewe jina kamili, awe profesa au awe mwanika dagaa.

Kwa hiyo nina maombi. Maofisa maendeleo ya jamii wa Musoma, Bunda na Butiama huandikisha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa ajili ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Katika fomu zao wanauliza mtaji na idadi ya wanachama. Waongeze swali moja: nani aliianza kazi hii hapa, na lini. Walimu wa historia wa Mwisenge na shule nyingine za mjini wawapeleke wanafunzi Mwigobero siku moja ya muhula, wakawaulize wazee nani alileta injini ya kwanza ya boti ya Kinesi, nani aliunda mtumbwi mkubwa kuliko yote, mama gani alikaanga mapanki ya kwanza. Sisi wa magazeti tuache kuandika "mjasiriamali mmoja mkazi wa Musoma" pale ambapo mtu ana jina na yuko tayari litajwe. Wengi waliouona ufunguzi wa viwanda vya minofu bado wako hai, na wanakumbuka. Msomaji, kama mmoja wao ni mama yako au shangazi yako, muulize wiki hii, andika anachokwambia, na uandike na mwaka.